Jina la Shule Nyingine

Karatasi yangu ya matokeo ya KCPE ina jina la shule ambayo sikuwahi kusomea. Si kosa la uchapaji. Jina langu liko sawa, hata lile la babu ambalo kila karani huliandika kivyake, na alama 341 ni zangu kabisa, nilizitolea jasho. Lakini pale juu, panapoandikwa shule, kuna jina la shule ya msingi ya umma iliyoko ng'ambo ya barabara ya Kisumu. Huko nilikaa siku nne kwa jumla: moja ya kuonyeshwa viti na tatu za mtihani.

Nimeitembeza karatasi hiyo kwenye bahasha ya kaki miaka kumi sasa bila kuiwazia sana. Kilichonifanya niitoe ni oda iliyoniingilia usiku mmoja wa Oktoba.

Nieleze kwanza kazi yangu. Mimi huwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Ndiyo, kazi hiyo hiyo. Kama unaishi Eldoret na bado ni kijana, basi ama unaifanya, ama umewahi kuifanya, ama unakaa na mtu anayeifanya na humwona akienda kulala saa moja asubuhi, watu wakienda kazini. Mtu wa Ohio analipa, jina lake linakaa juu, mimi nabaki na dola zangu na macho mekundu. Sitaki kujitetea hapa. Kodi ya Elgon View haijilipi.

Na Elgon View yenyewe, kwa wasioijua, ni mtaa wa nyumba za vigae na mageti marefu, ule mtaa ambao ukipita na bodaboda dereva anakuonyesha: ile ni ya mwanariadha fulani, na ile, na ile pia. Mimi siishi kwenye nyumba ya vigae. Niko SQ, chumba cha nyuma kilichojengewa mfanyakazi, na kwa kuwa mwenye nyumba siku hizi hana mfanyakazi wa kulala, ananipangisha. Mama yangu alifua nguo mtaa huu huu kwa miaka sita, akitoka Langas alfajiri kwa miguu kupitia Pioneer. Nilipomwambia nimepata chumba Elgon View alicheka mpaka akakohoa.

"Umefika mbele au nyuma?"

"Nyuma, Mama."

"Basi hujafika. Uko njiani."

Oda ilikuwa ya kurasa nane: jadili mgogoro kati ya shule ya chata na wilaya ya elimu ya umma mahali pamoja. Mwisho wa kuwasilisha, saa kumi na mbili asubuhi yetu. Sikuwa najua shule ya chata ni mnyama gani, lakini hiyo haijawahi kunizuia, nikaanza kusoma. Kumbe ni shule inayolipiwa na kodi ya wananchi ila haiendeshwi na ofisi ya elimu ya pale. Inaendeshwa na kundi la watu waliopewa mkataba, na wasipofikisha walichoahidi mkataba unaweza kukatwa. Jimbo la Minnesota ndilo lililotunga sheria ya kwanza ya namna hiyo mwaka wa 1991, na shule ya kwanza ikafunguliwa St. Paul mwaka uliofuata. Ugomvi mkubwa ni wa pesa. Mtoto akihama shule ya wilaya, sehemu ya pesa anayohesabiwa inahama naye, na shule aliyoiacha inabaki na paa lile lile, mlinzi yule yule, na bajeti pungufu. New York wamefikia hadi kugawana jengo moja, ghorofa hii yenu, ile yetu, kisha wanapigania ukumbi wa chakula.

Nikaandika sentensi: pesa humfuata mtoto. Halafu vidole vikasimama. Langas, pesa haikuwahi kutufuata sisi. Sisi ndio tulikuwa tunaifuata.

*

Shule niliyosomea ilikuwa ya mabati. Mwenye shule tulimwita Dairekta, na sikuwahi kusikia mtu akimwita kitu kingine, hata mkewe. Alikuwa na madarasa manane kwenye ploti ya hamsini kwa mia, na vyoo viwili kwenye kona. Mvua ya alasiri ikianza kupiga, mwalimu anaacha kufundisha kwa sababu hakuna anayesikia, nasi tunalaza vichwa madawatini tukingoja. Kati ya darasa la sita na la saba kulikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, kwa hivyo nilisoma sayansi ya darasa la saba mwaka mzima kabla sijafika huko. Nilipofika nilionekana mwerevu sana.

Tulihamia Langas mwaka wa 2008 kutoka upande wa Turbo. Mwaka huo hauhitaji maelezo. Nilikuwa wa darasa la kwanza. Shule ya umma ilikuwapo, na ilikuwa ya bure, maana tangu Januari 2003 elimu ya msingi Kenya ni ya bure. Serikali ilianza kwa kutoa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka, baadaye ikapandisha hadi 1,420. Ukiigawa hiyo 1,420 kwa wiki za masomo haifiki shilingi arobaini kwa wiki. Chapati mbili. Kwa hivyo bure hiyo ilikuja na pesa ya mlinzi, pesa ya karatasi za mtihani, pesa ya yule mwalimu asiyelipwa na serikali, na ukikosa moja mtoto anarudishwa nyumbani kuileta.

Lakini hata hilo silo lililomfanya Mama aende kwa Dairekta. Watoto wadogo wa shule ya umma walitoka mchana. Mama alirudi kutoka Elgon View saa kumi na mbili jioni. Kati ya hizo saa nani angekaa na mimi? Dairekta alitukalisha pale hadi wazazi warudi, wengine tukiwa tumelala juu ya mikoba. Alichukua shilingi mia nne kwa mwezi, kwa awamu, hata hamsini hamsini Ijumaa Mama akilipwa. Siku moja alichukua sufuria ya maharagwe, akairudisha imeoshwa. Na barabara ya Kisumu, pamoja na malori yake, si ya kuvukwa na mtoto wa miaka saba peke yake.

Hayo ndiyo yote. Usiku ule wa oda nilisoma kurasa na kurasa za wasomi kuhusu haki ya mzazi kuchagua shule, wengine wakiisifu, wengine wakiiponda. Mama hakuchagua shule. Alichagua saa.

*

Sasa kuna Senje.

Sisi Waluhya dada ya baba ni senje, na senje ana sauti kwenye nyumba ya kaka yake, kaka awepo asiwepo. Baba alikuwa utingo wa malori ya Malaba, tulimwona mara mbili kwa mwezi. Senje tulimwona kila Jumapili. Alikuwa mwalimu wa P1, ameajiriwa na TSC, mwanachama wa KNUT wa kufa na kupona, na alifundisha darasa la nne katika ile shule ya umma ya ng'ambo ya barabara. Watoto tisini na mmoja. Aliitaja idadi hiyo jinsi watu wengine wanavyotaja shinikizo lao la damu.

"Mama Nekesa," alikuwa akimwambia Mama juu ya chai, "ile si shule. Ile ni posho mill. Inasaga watoto."

Mama humwita Mwalimu hadi leo, na wakati huo hakumjibu. Wifi hajibiwi ovyo, tena wifi aliyesoma.

Na Senje alikuwa na hoja, lazima niseme. Walimu wetu wengi walikuwa vijana waliomaliza kidato cha nne wakingoja kuitwa chuoni, na Dairekta aliwalipa akipata. Darasa la sita, mwalimu wetu wa hesabu alitufundisha kugawanya sehemu kwa sehemu bila kuipindua ile ya pili, nasi tukaamini hivyo muhula mzima. Jumapili moja Senje alifungua daftari langu akaona tiki nyekundu kwenye majibu ya uongo, ukurasa baada ya ukurasa. Hakusema kitu. Alinikalisha chini, akamwaga kiberiti mezani, akaanza kupanga njiti. Nusu ngapi ziko ndani ya tatu? Robo ngapi ziko ndani ya nusu? Hadi saa tatu usiku. Nilipoelewa nililia, sijui kwa nini. Yeye akamgeukia Mama.

"Huyu mtoto analipiwa kudanganywa."

Ndipo Mama akasema kitu ambacho nadhani alikuwa amekiweka miaka.

"Na Brian wako, Mwalimu, anasoma wapi?"

Brian, binamu yangu, alisoma katika akademi ya kibinafsi yenye basi lake na bwawa la kuogelea. Si siri, mtaa mzima ulimwona akishuka kwenye basi. Ukienda leo kwenye shule yoyote ya umma mjini uulize watoto wa walimu wanasoma wapi, utapata majibu mengi ya namna hiyo. Senje alikusanya njiti moja moja akazirudisha ndani ya kiberiti. Chai yake ilibaki pale ikapoa, ikafanya utando. Hakuja Jumapili tatu.

*

Mwaka wa 2015 nilikuwa darasa la nane, na hapo ndipo mambo yalipotukaba.

Shule ya Dairekta haikuwa imesajiliwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inakataza kuendesha shule isiyosajiliwa, na iliunda bodi za elimu za kaunti ambazo ndizo zinazokagua na kusajili. Wanataka kuona ardhi, vyoo, walimu waliosomea kazi. Dairekta alikuwa na vyoo viwili na vijana wanaongoja kuitwa chuoni. Shule isiyosajiliwa haiwezi kuwa kituo cha mtihani, na bila kituo huna nambari, na bila nambari hujawahi kusoma, hata ukiwa umesoma miaka minane.

Kwa hivyo kila mwaka Dairekta alivaa koti lake la kijivu, akavuka barabara kwenda kumwomba mwalimu mkuu wa shule ya umma atusajili kama watoto wake. Mwaka wetu alikataliwa mara mbili. Tungeshusha wastani. Mwisho wa 2014 wizara ilikuwa imepiga marufuku kuorodhesha shule kwa matokeo ya mtihani, lakini kila mwalimu mkuu bado alikuwa na orodha yake kichwani. Mara ya tatu mwalimu mkuu alikubali, na sharti moja. Tulikuwa watahiniwa ishirini na mmoja. Tuje na madawati ishirini na moja.

Tuliyavusha Jumamosi. Mkokoteni ulibeba kumi, mengine tukayabeba sisi, wawili wawili, tukisimama katikati ya barabara malori yakipiga honi. Dawati langu lilikuwa na herufi N niliyoichonga kwa kompasi. Jumatatu iliyofuata tulisomea juu ya mabenchi ya kanisa aliyoyaazima Dairekta, na tukasomea hayo hadi mwisho wa mwaka.

Kisha ukaja mgomo. Mahakama ilikuwa imeamua walimu waongezwe mshahara kwa asilimia 50 hadi 60. Serikali ikasema haiwezi kulipa na haitalipa. Septemba yote walimu wa umma hawakuingia darasani, wiki tano. Ng'ambo ya barabara nyasi zilimea mlangoni mwa madarasa. Sisi wa mabati tuliendelea kusoma, na Dairekta akawa mtu mkubwa mtaani. Wazazi ambao hawakuwahi kumsalimia walikuja na watoto wao wa shule ya umma, akawapokea kwa shilingi ishirini kwa siku. Darasa letu la ishirini na mmoja likafika hamsini.

Wiki ya pili walimu wa mgomo walikuja getini kwetu na matawi, wakiimba. Dairekta alifunga kwa mnyororo. Bati la ukuta wetu lilikuwa na tundu la msumari, nikaweka jicho pale. Senje alikuwa mstari wa mbele, amevaa fulana ya chama na kitambaa kichwani, anaimba kwa sauti ile ile ya kanisani. Sijui aliliona jicho langu vipi. Alinyamaza, akatikisa tawi kidogo, kama mtu anayefukuza nzi, kisha akaendelea kuimba.

Nilimchukia siku hiyo. Nilikuwa na miaka kumi na minne na nilidhani ni rahisi: watu hawa wameacha watoto wao na sasa wamekuja kutuzuia sisi. Sikujua alikuwa ameandamana kwa ajili ya watoto tisini na mmoja na mshahara ambao nusu yake ulienda kwenye karo ya Brian. Sikujua pia kwamba Dairekta alikuwa hajawalipa walimu wetu tangu Julai, na zile ishirini ishirini hazikuwafikia.

Baadaye mwezi huo serikali ilitangaza shule zote zifungwe, za umma na za kibinafsi, isipokuwa kwa watahiniwa. Dairekta alisikiliza tangazo hilo redioni, sisi tumemzunguka, akacheka. "Mnaona? Leo sisi ni shule." Miaka minane ofisi ya elimu haikutuhesabu, na siku ya kufunga ikatuhesabu.

*

Usiku wa kuamkia mtihani, Novemba, Senje alikuja. Haikuwa Jumapili. Alikuwa na sweta ya shule yake kwenye mfuko wa karatasi, si mpya, imefuliwa, ina kiraka kwenye kiwiko.

"Vaa hii kesho. Kutakuwa na baridi."

Mama akamtazama.

"Na msimamizi akikuuliza," Senje aliendelea, bila kunitazama mimi, "wewe ni wa pale. Usitaje kule."

Niliivaa. Asubuhi za Eldoret mwezi wa Novemba si mchezo, na wenzangu ambao hawakuwa na sweta ile walijulikana toka getini. Walikalishwa nyuma. Mimi nilikalishwa katikati. Safu ya mbele, msichana nisiyemjua alikuwa amekalia dawati lenye herufi N.

Matokeo yalipotoka nilikuwa wa tatu katika kituo kizima. Shule ya umma ilibandika jina langu ubaoni. Dairekta akachapisha bango lenye picha yangu, nimekodoa macho kama mwizi aliyekamatwa, akalitundika kwenye mabati: nambari moja wetu. Wiki hiyo nilikuwa na shule mbili. Ilipofika karo ya kidato cha kwanza sikuwa na hata moja. Senje alichukua mkopo wa Sako. Alisema ni wa kununua ng'ombe.

Shule ya Dairekta ilifungwa mwaka wa 2017. Maafisa walikuja na chifu, wakasoma barua, wakaondoka. Leo kwenye ploti ile kuna vyumba vya kupanga, na Dairekta anauza unga, posho mill ya kweli. Hakukuwa na mtu wa kumtetea, na kusema ukweli hakustahili kutetewa kwa kila kitu.

*

Saa nane usiku, Elgon View, nilikuwa na kurasa tano za Ohio na bado tatu. Nikafanya kitu ambacho mtu wa kazi yangu hafanyi: niliingiza mambo ya nyumbani.

Niliandika kuhusu Busia. Kampuni ya Bridge International Academies ilianzishwa na Wamarekani, shule yake ya kwanza ikafunguliwa Mukuru, Nairobi, mwaka wa 2009. Ada nafuu, majengo ya mabati na mbao, mwalimu anasoma somo neno kwa neno kutoka kwenye tableti, somo lililoandikwa mbali na darasa. Nyuma yao kulikuwa na pesa za Bill Gates, za Mark Zuckerberg, na za IFC, tawi la Benki ya Dunia. Mwaka wa 2014 bodi ya elimu ya Kaunti ya Busia ikaamua kufunga shule zao kwa kutofikisha viwango. Wakaenda kortini. Mwaka wa 2017 Mahakama Kuu ya Busia ikakubaliana na bodi. Upande wa pili wa mpaka, Novemba 2016, mahakama ya Uganda nayo ilikuwa imebariki kufungwa kwa shule zao 63. Chama cha akina Senje kilipigana nao kwa ripoti na maneno makali, hadi kampuni ikakishtaki. IFC ilijiondoa mwaka wa 2022.

Dairekta hakuwa Bridge. Hakuwa na tableti wala Zuckerberg. Lakini nilipokuwa nikiandika nilitambua ofisi ile ile, barua ile ile, na viwango vile vile ambavyo siwezi kuvipinga: choo, mwalimu aliyesomea, jengo lisiloanguka. Nikisoma kesi hizo kama wakili, bodi inashinda, na inastahili. Mtu anayetetea shule ambayo mtoto anafundishwa hesabu za uongo kwa sababu ni nafuu, huyo hajawahi kukaa na njiti za kiberiti hadi saa tatu usiku.

Ila mimi nataka kujua habari za Jumatatu. Unafunga shule Ijumaa, sawa. Jumatatu ni nani anaongeza darasa? Dairekta alipofungwa, wengine walivuka barabara, na darasa la Senje likatoka tisini na mmoja hadi mia moja na nne. Hakuongezwa mwalimu. Hakuongezwa dawati. Wengine hawakuvuka, walingoja, na kabla mwezi haujaisha shule nyingine ya mabati ilikuwa imefunguliwa vichochoro viwili nyuma, mwenyewe naye anaitwa Dairekta.

Mwaka huo ndio Senje alinijibu lile swali la Mama, bila mimi kuuliza. Tulikuwa tunamenya viazi. "Brian nilimpeleka kule kwa sababu nalijua darasa langu," alisema. "Ningekuwa na watoto arobaini, ningemleta akae mbele kabisa." Kisha, kwa vile ni mwalimu na hawezi kuacha, akaniambia habari za shule huru za Wakikuyu, jinsi watu walivyochoka na shule za wamisheni wakajenga zao tangu miaka ya 1920 na 1930, wakajenga hadi chuo cha walimu Githunguri, na mkoloni akazifunga mwaka wa 1952. "Unadhani nini kiliwauma zaidi," aliuliza, "kufundishwa vibaya au kufundishana bila ruhusa?" Sikumjibu. Nilikuwa nawaza kwamba mwanamke huyu alishika tawi getini kwetu.

Saa kumi na moja na nusu nikatuma kazi. Saa mbili mteja akaandika, mistari miwili. Insha nzuri. Ondoa Kenya, profesa anataka Marekani.

Nikaondoa. Nikaweka New York na ukumbi wake wa chakula.

*

Mdogo wangu Kevo alimaliza gredi ya sita mwaka jana, kwenye ile shule ya vichochoro viwili nyuma. Mama sasa anafanya kazi hoteli moja mjini, zamu za usiku, na bado anachagua saa. Lakini Dairekta huyu wa pili hana sekondari ya msingi. Tangu 2023 gredi ya saba hadi ya tisa zimewekwa ndani ya shule za msingi, na kwa mtoto wa umma wa gredi hizo serikali imepanga shilingi 15,042 kwa mwaka, ambayo wakuu wa shule watakwambia inakuja kwa vipande na kwa kuchelewa. Kwa hivyo Januari hii Kevo alikuwa lazima avuke barabara.

Mama alinipigia nikiwa Elgon View nimelala. "Mpeleke wewe. Wewe ndiye unapajua."

Napajua siku nne. Nikampigia Senje, aliyestaafu, na akaja akiwa amevaa kama mtu anayeenda kukagua.

Ofisi ni ile ile, rangi imebadilika. Karani kijana, pengine rika langu, kompyuta mbele yake. Akauliza cheti cha kuzaliwa, tukatoa. Nambari ya tathmini, tukatoa. Akaandika, akasubiri mtandao, akaandika tena.

"Alikuwa shule gani?"

Kevo alinitazama. Mimi nikajikuta natazama sweta yake. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kutaja ile shule ya umma iliyomsajilia mtihani, maana ndiyo iliyokuwa kwenye karatasi, ndiyo ingepita haraka, na mlangoni kulikuwa na foleni.

Senje akataja shule ya mabati. Jina lote, polepole, na lile neno akademi mwishoni.

Karani akatafuta. "Hiyo haiko kwa mfumo, Mwalimu." Kumbe alimjua. Kumbe alikuwa mmoja wa wale tisini na mmoja.

"Haiko. Iandike."

Akavuta daftari, lile la zamani la kurasa ndefu, akaandika kwa kalamu. Kisha akarudi kwenye orodha yake.

"Na dawati? Wa gredi ya saba wanakuja na dawati."

"Alishaleta," Senje akasema, akinyanyuka. "Ishirini na moja. Angalia ya mwaka wa 2015."